Mashine ya Viini Tisa

Nyariek Manyang alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuazima. Chumvi ikiisha, nyumba nzima kule Gumbo, pembezoni mwa Juba, ilikula mboga chapwa, na mumewe Santino akiuliza aliambiwa chumvi nyingi haifai kwa mtu wa umri wake. Mtu mwenyewe ana miaka thelathini na tisa! Santino alikula tu, maana alishajua kwamba ukibishana na mwalimu unapewa na kazi ya nyumbani.

Nyariek alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikipita juu ya paa mwalimu hunyamaza katikati ya sentensi, akangoja, kisha akaimalizia kama hakuna kilichotokea. Alikulia kambini Kakuma. Akasoma sekondari Kitale, akapata digrii Eldoret huku akiwafulia wenzake nguo kila Jumamosi, na mpaka leo anakunja shati vizuri kuliko dobi. Aliporudi Juba aliikuta nchi ambayo mama yake alikuwa akimsimulia tu, na Kiarabu cha Juba kikampiga chenga miaka miwili mizima. Kenya walimwita mkimbizi. Sokoni hapa walimwita Mkenya. Yeye alijiita Mwalimu, na kama ulitaka jina jingine, kalas, mazungumzo yaliishia hapo.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la mashine zenye bongo nyingi. Kompyuta ya siku hizi, aliwaeleza wanafunzi, haina ubongo mmoja. Inao kadhaa ndani ya kipande kimoja, na kila mmoja unaitwa kiini. Programu ikitaka kuvifaidi viini hivyo huigawa kazi yake katika nyuzi, na kila uzi ukashika sehemu yake, kama wanawake wanaopalilia shamba moja kila mmoja na mstari wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia siku ya kwanza. Siku ya pili akawaambia manahodha wengi chombo huenda mrama, maana nyuzi zikiivamia namba moja zote zikaiandika kwa pamoja, jibu linatoka takataka. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono kulalamika kwamba hizo methali mbili zinapingana.

"Vizuri sana," alisema Nyariek. "Sasa umelielewa somo lote. Kilichobaki ni miaka miwili ya mazoezi."

Mazoezi yenyewe ndiyo yalikuwa kasheshe. Chuo kilikuwa na laptop sita kuukuu, na mashine kubwa ya viini vingi hakikuwa nayo. Basi Nyariek akaenda kwenye mtandao, akapakua simuleta, siku nne za kupakua vipande vipande kila mawasiliano yalipokubali. Simuleta ni programu inayojifanya mashine nyingine. Unaiambia: leo wewe ni mashine ya viini vinane, kumbukumbu yako kiasi hiki, saa yako iende kasi hii, nayo inaigiza kila hatua ya mashine hiyo, moja baada ya moja, na mwisho inakuandikia kila kiini kilifanya nini na kwa muda gani. Ni polepole, we acha tu. Kazi ambayo mashine halisi ingeimaliza kwa kupepesa jicho, simuleta inaweza kuifanya kutwa, kwa sababu laptop moja yenye shida zake inabeba bongo nane kwa zamu. Nyariek hakujali. Mwenda pole hajikwai, alisema, na sola za chuo zilikuwa na jua la Juba la kutosha kutoka asubuhi hadi jioni.

Kwa miaka mitatu alifundisha hivyo, kwa karatasi ya mazoezi aliyoiandika mwenyewe, kurasa nne, kwa mkono, kisha ikatolewa nakala mpaka herufi zikafifia. Wanafunzi waliijua kwa moyo kuliko sala. Na alijivunia karatasi ile, tusifiche. Alijivunia kuliko cheti chake cha Eldoret.

Ndipo ikaja habari ya kutambuliwa. Chuo kikuu kimoja cha Kenya kilikuwa tayari kuipokea diploma ya Thongpiny, ili wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho waingie moja kwa moja mwaka wa tatu wa digrii. Wasipotambuliwa wangeanza upya mwaka wa kwanza. Na wengi wao walikuwa na miaka ishirini na saba, ishirini na minane, na watoto nyumbani. Kwao kuanza upya kulikuwa na maana ya kutoanza kabisa. Mkaguzi wa chuo kikuu hicho angekuja na fomu, na katika fomu hiyo kulikuwa na mstari mmoja uliomnyima usingizi mkuu wa idara: Mashine ya viini vingi kwa mazoezi, ipo au haipo.

Mkuu huyo aliitwa Shem, Mkenya wa Kakamega, mwaka wake wa tisa Juba, mtu mwema mwenye kuogopa mambo kabla hayajafika. Alimfuata Nyariek darasani.

"Mwalimu, nimepata suluhu. Shirika la jirani lina server ya viini kumi na sita. Rafiki yangu wa pale atatuazima siku mbili. Tunaiweka mezani, mkaguzi anaiona, anaandika ipo, anaenda zake."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, Bwana Shem."

"Mwalimu! Lugha!"

"Methali sikuitunga mimi. Mkaguzi ataona simuleta, na ataona wanafunzi wangu."

"Na ikikataa mbele yake?"

"Itakataaje? Miaka mitatu haijakataa."

Shem alikubali kwa mdomo. Lakini kwa kuwa mdomo na moyo si nyumba moja, siku ya ukaguzi ile server ilikuwa tayari ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cha meza.

Mkaguzi alikuwa Daktari Jepchirchir, mama wa makamo, mpole wa sauti, miwani shingoni kwa kamba, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza nani ataonyesha kazi yake. Nyariek akamchagua Akuac, msichana aliyekulia upande wa Uganda, mwenye Kiswahili cha kule na kichwa cha ajabu. Programu ya Akuac ilichambua vipimo vya kina cha mto Nile kule Rejaf, namba kwa maelfu, kila uzi ukichukua fungu lake.

"Daktari, mimi iko tayari," alisema Akuac, akaanza.

Alionyesha matokeo ya uzi mmoja. Kisha nyuzi mbili, na muda ukashuka karibu nusu. Kisha nyuzi nne, ukashuka tena. Alieleza kila namba bila kumtazama mwalimu wake hata mara moja, na Nyariek, aliyesimama nyuma ya darasa mikono kifuani, alihisi kifua kinamjaa mpaka akakohoa kukificha. Daktari Jepchirchir alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, kwa upole uleule:

"Sasa nione nyuzi nane, juu ya viini vinane."

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Karatasi iliishia nyuzi nne juu ya mashine hiyo hiyo ya viini vinane, kwa sababu laptop zile zilikuwa na mzigo tosha na foleni ya wanafunzi ilikuwa ndefu. Lakini ugumu uko wapi? Nne au nane, jambo ni lile lile. Akuac akabadilisha namba moja, akapunguza vipimo ili kazi iishe upesi, akabonyeza. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na kwa hesabu ya Nyariek jibu lingetoka kabla ya saa tano.

Saa tano ikafika. Saa ya ile mashine ya kuigiza ilikuwa inapanda kwenye skrini, kwa hiyo haikuwa imekufa. Lakini jibu halikutoka. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Ndege ikapita, kila mtu akanyamaza, ikaenda, na kila mtu akaendelea kunyamaza. Akuac alijipangusa jasho kwa kiganja. Wale wanafunzi kumi wengine walikaa kwenye viti vyao vya plastiki kama watu waliokuja matangani.

Shem hakuvumilia. Alichukua programu ya Akuac kwenye flash, akatoka mbio hadi ofisini. Hazikupita dakika tano akarudi, uso umechanua.

"Nimeijaribu kwenye mashine nyingine, nyuzi nane! Imemaliza kabla sijaketi. Programu ni nzima kabisa. Ni hii simuleta."

"Aa," alisema Daktari Jepchirchir, akasimama akifunga daftari. "Basi simuleta yenu ina kasoro. Hutokea. Twende tukaone hiyo mashine nyingine."

Darasa zima likapumua. Akuac alifumba macho kwa shukrani. Na Nyariek? Nyariek alielewa kwamba kilichotakiwa kwake ni kitu kimoja tu, kunyamaza. Akinyamaza, mkaguzi ataingia ofisini, atafunuliwa kitambaa, ataandika ipo, na watoto wake kumi na mmoja watapanda basi la Nimule kuelekea Kenya na barua mkononi. Akifungua mdomo anaweza kuwaponza wote. Aliwatazama mmoja mmoja: Gatwech aliyekuja darasani siku tatu baada ya kumzika baba yake, Nyawech aliyenyonyesha huku akiandika. Mungu wangu, alijiambia, nani amenipa mimi kiburi hiki?

Lakini alikuwa anaijua ile simuleta. Haichoki wala haisahau, na haijui kumfurahisha mtu. Hufanya ulichoiambia, hatua kwa hatua, basi. Ikikwama, kuna sababu, na sababu hiyo imo katika kitu ulichoiambia wewe. Kuiita mbovu kungekuwa kusingizia, na kumsingizia asiyeweza kujitetea ni ubaya wa roho hata kama ni mashine.

"Daktari," alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia, "naomba saa moja. Haijakosea. Kuna kitu inajaribu kutuonyesha."

"Mwalimu, tafadhali," alinong'ona Shem. Macho yake yalikuwa yanaomba kweli, si kwa ajili yake.

Daktari Jepchirchir alivaa miwani yake. "Mimi ndege yangu ni kesho," alisema, akaketi tena.

Nyariek alisimamisha kazi, akaiendesha upya huku akiiamuru simuleta iandike kila kiini kinafanya nini. Yakatoka maandishi marefu, kurasa na kurasa za namba, na akaanza kuyasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, kama alivyosoma barua za wazee kule Kakuma waliomwita awasomee. Akuac alivuta kiti akakaa kando yake. Walipita kiini cha kwanza, cha pili, cha tatu. Baada ya dakika arobaini kidole cha Nyariek kikasimama.

Hapo palikuwa na ombi: nipe uzi wa nane. Na chini yake, jibu la simuleta, adabu tupu: hakuna nafasi.

"Hesabu nyuzi," alimwambia Akuac. "Zote. Anza na ya kwanza kabisa."

Akuac alihesabu kwa vidole. Akarudia. Kisha akashika mdomo. "Mwalimu... ile uzi mama. Ile inatuma wengine. Hiyo pia iko na kiini yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Programu huanza na uzi mmoja, na huo ndio unaowaita wengine. Uzi mama ulikuwa umekalia kiini cha kwanza. Vikabaki saba, vikachukuliwa na nyuzi saba. Wa nane alikataliwa mlangoni, na katika programu hakuna mstari hata mmoja uliosoma jibu hilo la kukataliwa. Nyuzi saba zilifanya kazi yao vizuri, zikafika mahali pa kukutania, zikasimama kumsubiri mwenzao ambaye hakuzaliwa. Zingesubiri mpaka kiama.

Na kwenye server ya ofisini? Kule kuna mfumo endeshi, yule msimamizi anayegawa zamu ndani ya kila kompyuta. Server ile ilikuwa na viini vya kumwaga. Lakini hata ingekuwa na vinane tu, msimamizi angewapa nyuzi tisa zamu kimyakimya, huyu apumzike kidogo, yule aingie, na kosa lisionekane na mtu. Simuleta waliiendesha uchi, bila mfumo endeshi, kwa sababu mfumo mzima ungezilemea laptop zao. Hapakuwa na wa kugawa zamu. Ukikosa kiini, umekosa.

Nyariek alifungua mkoba akatoa karatasi yake ya mazoezi. Ukurasa wa pili, mstari wa sita, mwandiko wake mwenyewe: Ukitaka kasi yote, unda nyuzi sawasawa na idadi ya viini. Kanuni hiyo hakuwahi kuijaribu hadi mwisho, kwa kuwa mazoezi yaliishia nyuzi nne. Na kuhusu kusoma jibu la ombi, hakuwa ameandika chochote. Miaka mitatu! Uso ulimwaka moto. Alisimama.

"Daktari, kosa nimeliona. Ni langu."

"Hapana, Mwalimu," Akuac aliruka, "mimi iliandika programu!"

"Uliandika nilichokufundisha. Kaa chini, mama." Akaiinua karatasi wote waione. "Niliwafundisha kuwahesabu watumwao nikasahau kumhesabu anayewatuma. Na niliwafundisha kuomba bila kusikiliza jibu. Wanafunzi wangu hawana kosa. Wameyafuata maneno yangu neno kwa neno, na maneno yangu yalikuwa na shimo."

Shem alishika kichwa. Daktari Jepchirchir alimtazama Akuac. "Wewe binti. Utalirekebishaje?"

Akuac alisimama tena, akanyoosha gauni. "Kwanza, programu isome jibu. Ikikataliwa, iseme, isinyamaze. Ya pili, tunapa hii mashine viini tisa."

"Tisa? Ni duka gani linauza mashine ya viini tisa?"

"Hakuna, Daktari," alisema Akuac, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Lakini sisi hatununui. Sisi tunatengeneza."

Darasa likaangua kicheko, na hata Shem akacheka bila kupenda. Akuac akaongeza mistari miwili, akafuta nane akaandika tisa, akabonyeza. Wakaenda kula. Daktari alitaka chai ya maziwa, wakamtafutia. Nyariek hakuweza kumeza hata kipande cha chapati, akazunguka ua wa chuo akitazama sola kana kwamba jua lingeondoka saa saba mchana.

Saa nane kasoro dakika kumi Nyawech alipiga yowe kutoka dirishani. Jibu lilikuwa limetoka. Jumla sahihi, nyuzi nane zote zimefika, na muda, Akuac alipoulinganisha na wa nyuzi nne alizokuwa akiziendesha kwenye laptop ya pili kwa vipimo hivyo hivyo, ulikuwa nusu na kidogo. Wanafunzi walipiga meza. Nyariek alijikuta amemshika Akuac mabega na kumtikisa, akisema "kwes, vizuri kabisa, binti yangu," na machozi yanamtoka bila haya.

Daktari Jepchirchir alingoja watulie. Alikuwa amefungua laptop yake mwenyewe na alikuwa anasoma kitu, midomo imebana.

"Haya ni maelezo ninayowapa wanafunzi wangu," alisema. "Sisi tuna mashine kubwa, tatu. Nami nimeandika vilevile: nyuzi sawa na viini. Miaka kumi na miwili. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu mashine zetu hazijawahi kukwama." Akafunga laptop. Kisha akatoa fomu, akaufikia ule mstari, kalamu hewani. "Ipo au haipo?"

Shem aliinua macho kuelekea ofisini, akafungua mdomo. Kisha akamtazama Nyariek, akaufunga. Tumpe sifa yake: alimwachia yeye.

"Haipo," alisema Nyariek.

Daktari aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe, akaigeuza karatasi ili wasome. Haipo, ilisema, na mbele yake: Wanafunzi wote kumi na mmoja waingie mwaka wa tatu. Nimewaona kwa macho yangu.

Gatwech aliinamisha kichwa mezani, mabega yakitikisika, na Shem akaenda kusimama nyuma yake, mkono mgongoni.

"Na naomba nakala ya ile karatasi," aliongeza Daktari Jepchirchir. "Nikawafundishe wangu."

"Nitakuandikia upya, Daktari. Iliyosahihishwa."

"Hapana. Nataka yenye kosa, wajionee. Na uitie jina lako, wajue ni ya nani."

Shem aliguna, maana ni nani anayependa jina lake lisafiri na kosa lake mpaka ng'ambo ya mpaka? Nyariek hakuguna. Aliichukua kalamu, akauzungushia mstari wa sita duara, na pembeni yake akaandika majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, taratibu, asiruke hata moja.